Kuifanya elimu ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto kuwa lazima katika shule binafsi

Sheria nyingi zinazotaka watoto wafundishwe kujikinga na ukatili huishia kwenye geti la shule ya serikali. Mfano unaojulikana sana ni Sheria ya Erin nchini Marekani, iliyoanzia Illinois na kupewa jina la Erin Merryn, mwanamke aliyefanyiwa ukatili wa kingono utotoni kisha akazunguka jimbo baada ya jimbo akidai somo hilo lifundishwe. Majimbo mengi yameipitisha, ila kwa muundo wake wa kawaida inazibana shule za umma tu. England ilichukua njia nyingine: tangu Septemba 2020 elimu ya mahusiano, ambayo ndani yake mtoto hufundishwa kuutambua ukatili na kuutolea taarifa, ni lazima kwa shule zote za msingi, za binafsi zikiwemo. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 19, unataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili akiwa mikononi mwa mtu yeyote anayemtunza, pamoja na kwa hatua za kielimu. Haukuuliza anayemtunza analipwa na nani.

Mwongozo huu ni wa mwenye shule, mjumbe wa bodi, mkuu wa shule na mzazi anayetaka kujua aulize nini. Unafaa pia kwa ofisa anayeandika masharti ya usajili.

Kwa nini shule binafsi huponyoka

Si kwamba walimu wake ni wabaya zaidi. Tatizo ni namna shule yenyewe ilivyojengwa. Mwenye shule ndiye mwajiri, ndiye mpokea ada, na mara nyingi ndiye anayeamua kesi ya nidhamu ya mfanyakazi ambaye pengine ni shemeji yake. Jina la shule ni mtaji, hivyo kila tuhuma huonekana kwanza kama hasara ya wanafunzi. Tena mtoto wa shule hizi hukaa muda mrefu chini ya watu ambao mzazi hawajui: dereva na msimamizi wa basi, matroni na patroni wa bweni, kocha wa kuogelea, mwalimu wa muziki wa kukodiwa, mwalimu wa masomo ya jioni.

Matokeo yake ni kwamba somo likiachwa kuwa hiari, hufundishwa siku mwalimu mmoja mwenye moyo anapoomba nafasi, na akihama shule linahama naye. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya karatasi.

Liandikwe mahali panne

Mahali pa kwanza ni azimio la bodi. Liwe fupi na lenye namba zinazohesabika. Maneno kama haya yanatosha:

"Kila mwanafunzi, kuanzia darasa la awali hadi darasa la mwisho, atafundishwa vipindi visivyopungua sita vya kujikinga na ukatili kila mwaka wa masomo. Hakuna mfanyakazi, wa kudumu au wa mkataba, atakayeanza kazi na watoto kabla ya kupata mafunzo ya ulinzi wa mtoto. Mkuu wa shule ataiandikia bodi kila mwisho wa muhula, akitaja vipindi vilivyofundishwa, tarehe zake, na wanafunzi ambao hawakuhudhuria."

Azimio linalosema shule "itajitahidi kuhamasisha" halimfungi mtu. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na mara nyingi linafanywa kwa makusudi.

Pa pili ni ratiba. Somo liwe na siku, saa na jina la mwalimu, kama hisabati. Likibaki kwenye sera bila kuingia kwenye ratiba na azimio la kazi la mwalimu (mpango wake wa kufundisha), mitihani ya majaribio italimeza.

Pa tatu ni mikataba ya ajira, pamoja na ile ya wenye mabasi na walimu wa kukodiwa. Weka sharti la mafunzo, wajibu wa kutoa taarifa, na kifungu kinachosema kwamba mfanyakazi akijiuzulu wakati tuhuma inachunguzwa, uchunguzi unaendelea na shule haitampa barua safi ya utambulisho. Kifungu hiki kina uzito kuliko kinavyoonekana. Njia ya kale ya kulinda jina la shule ni kumwachisha mtu kazi kimyakimya kwa barua nzuri, na barua hiyo ndiyo inayomfungulia geti la shule inayofuata. Kabla ya kuajiri, pigia simu waajiri wawili waliopita. Usiridhike na barua zao, na uliza swali lenyewe: je, mngemruhusu arudi kufanya kazi na watoto?

Pa nne ni fomu ya kujiunga. Mzazi atie saini kwamba anajua somo linafundishwa na kwamba shule itapeleka taarifa kwa mamlaka pale inaposhuku ukatili, hata kama anayeshukiwa ni ndugu wa mtoto. Ukiyasema haya siku ya kujiunga, hutalaumiwa siku ya tukio kwamba "mmenigeuka".

Halafu teua waratibu wawili wa ulinzi wa mtoto, mwanamke na mwanamume, wala wasiwe mwenye shule, mwenzi wake au ndugu yake. Tuhuma ikimgusa mwenye shule au mkuu wa shule, mratibu aende moja kwa moja kwa ustawi wa jamii au polisi bila kuomba ruhusa, na hilo liandikwe kwenye sera wazi. Sera isiyosema nini kifanyike mwenye mali anapotuhumiwa ina tundu mahali pabaya kabisa.

Usianze na watoto

Shule nyingi hukosea hapa: wanamwalika mgeni Jumatatu, anazungumza na watoto, anaondoka. Somo likifundishwa vizuri, baadhi ya watoto watafunguka, na mara nyingi watafunguka siku hizohizo. Mtoto akimwendea mpishi au dereva asiyejua la kufanya, akaambiwa "nyamaza, usiseme hivyo kuhusu mwalimu", huenda asiseme tena kwa miaka.

Kwa hiyo mpangilio ni watu wazima kwanza, wazazi baadaye, watoto mwisho. Walimu na walezi wa bweni wapewe siku nzima. Wapishi, walinzi, madereva na wafanya usafi wapewe saa 3 hivi, kwa lugha wanayoielewa na kwa mifano ya kazi zao, maana hao ndio huona mengi: dereva anajua ni mtoto gani hataki kushushwa wa mwisho, na mfanya usafi anajua ni ofisi gani hufungwa kwa ndani. Mafunzo yarudiwe kila mwaka, na mgeni kazini apewe yake kabla ya kukutana na watoto.

Yawemo mambo manne: dalili za ukatili wa kimwili, kingono, kihisia na wa kutelekezwa, jinsi mnyanyasaji anavyomzoea mtoto na kuizoea familia yake kwanza kwa zawadi, upendeleo, lifti na siri ndogondogo, mwenendo unaoruhusiwa na usioruhusiwa kazini, na namna ya kumpokea mtoto anayefunguka. Kwenye mwenendo, taja vitu kwa majina. Mafunzo ya mtu mmoja na mtoto mmoja yafanyike mlango wazi au chumba chenye kioo. Hakuna kuchati na mwanafunzi kwa simu binafsi. Ujumbe upitie kundi ambamo mzazi na mfanyakazi mwingine wamo. Hakuna mtoto mmoja kubaki na dereva pekee, kwa hiyo msimamizi wa basi hashuki mpaka mtoto wa mwisho ashuke. Mtu mzima haingii bafu la bweni watoto wakiwa wanaoga, isipokuwa kwa dharura, na kwa wadogo wanaohitaji msaada wawepo walezi wawili.

Kumbuka pia kwamba dalili haithibitishi kitu. Mtoto anayekojoa kitandani upya, anayeshuka ghafla kwenye masomo au anayeigiza ngono kupita umri wake anahitaji kuangaliwa kwa makini, na mratibu aambiwe. Kuna watoto walioumizwa sana ambao hawaonyeshi chochote.

Wazazi, wiki mbili kabla

Ita mkutano na uwaonyeshe andalio la somo lenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Hofu kubwa ya mzazi ni kwamba mtoto wake atafundishwa ngono, na hofu hiyo huisha haraka akiona kwamba mtoto wa miaka 6 anafundishwa majina ya mwili wake, kanuni ya nani anaweza kumgusa, na aende kwa nani. Hofu nyingine ni kwamba watoto watatishika. Hilo limepimwa: mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kulinganisha tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 24 yenye washiriki 5,802, yaliona kwamba programu za shuleni ziliongeza maarifa na uwezo wa kujikinga, na hayakukuta dalili kwamba ziliongeza wasiwasi au woga.

Wape wazazi kazi ya nyumbani ya dakika kumi baada ya kila kipindi. Mzazi anayekataa kabisa mwanawe kuhudhuria, zungumza naye ana kwa ana, na uweke kwenye jalada sababu aliyoitoa. Mara nyingi ni imani au aibu. Mara chache ni kitu kingine, na kwa hizo chache mratibu awe na kumbukumbu.

Somo lenyewe

Vipindi vifupi vilivyotawanywa vina nguvu kuliko mkutano mmoja mrefu. Fundisha vipindi sita katika wiki sita, kisha kipindi kimoja cha kukumbushia kila muhula. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa awali na madarasa ya chini, 40 kwa wakubwa. Fundisha darasa moja moja, kamwe usifundishie kwenye paredi: watoto mia tatu wamesimama juani hawawezi kufanya zoezi wala kuuliza. Wawepo watu wazima wawili, mmoja akifundisha, mwingine akiangalia nyuso. Na siku ichaguliwe kwa makini: asubuhi, mwanzoni mwa wiki. Usifundishe Ijumaa mchana wala wiki ya kufunga shule, kwa sababu mtoto aliyeguswa na somo anahitaji kumkuta mtu wa kumwambia kesho yake.

Kipindi cha kwanza ni mwili na majina yake. Tumia majina halisi: uume, uke, makalio, matiti. Watu huona haya hapa, lakini mtoto anayejua jina la fumbo tu anaweza kutoa taarifa mara tatu na asieleweke na mtu yeyote nje ya familia yake. Sema maneno hayo kwa sauti ileile unayosemea goti na kiwiko. Darasa litacheka, acha licheke, endelea.

Kipindi cha pili ni kanuni ya mguso, na hapa kuna kosa la kitaalamu ambalo vitabu vingi vya watoto bado vinalibeba. Kumwambia mtoto kwamba mguso mbaya ni ule unaouma au unaomkera kunamwacha bila ulinzi mbele ya mguso uliofunikwa na mchezo, zawadi au upole. Mpe kanuni isiyotegemea anavyojisikia: hakuna mtu anayeruhusiwa kugusa, kutazama au kupiga picha sehemu zako za siri, wala kukutaka uguse au utazame zake, isipokuwa mlezi anapokusafisha ukiwa mdogo au daktari anapokutibu, na hata hao hawaruhusiwi kukuambia iwe siri.

Kipindi cha tatu ni siri. Fanyeni zoezi: mwalimu anasoma sentensi, watoto wanainua kadi ya kijani au nyekundu. "Tumemnunulia mama zawadi, usimwambie mpaka kesho." Kijani, kwa sababu ina mwisho na mama atafurahi. "Hii ni siri yetu mimi na wewe, ukisema nitafungwa." Nyekundu. "Mjomba amesema usimwambie mtu alichokuonyesha kwenye simu." Nyekundu. Usitumie mgeni wa ajabu kwenye gari kama mfano wako mkuu. Wanaofanya ukatili huu kwa kawaida ni watu ambao mtoto anawajua, na somo la wageni tu linamwelekeza mtoto kuangalia upande usiofaa.

Cha nne ni kusema hapana, kuondoka na kueleza. Wafanye kwa vitendo, kwa sauti na kwa miguu, maana kusikiliza tu hakujengi ustadi. Lakini kila zoezi liishe na maneno haya yasemwe yote: "Ukishindwa kusema hapana, au ukiogopa, au ukinyamaza, bado kosa si lako." Bila sentensi hiyo, mtoto aliyekwisha kufanyiwa ukatili anatoka darasani akiamini kwamba alifeli mtihani.

Cha tano ni watu watano wa kuwaambia. Kila mtoto achore kiganja chake na aandike jina moja kwenye kila kidole, angalau mmoja nje ya nyumbani na mmoja nje ya shule. Sababu ni rahisi: mnyanyasaji akiwa nyumbani au shuleni, njia ya pili lazima iwe imebaki wazi. Wa kwanza asipokuamini, mwambie wa pili, kisha wa tatu. Mtoto anayeshindwa kujaza hata vidole viwili akumbukwe na mratibu.

Cha sita ni simu na mtandao. Kwa wakubwa, zungumzia waziwazi mtu anayejifanya rika lao, anayeomba picha ya utupu kisha akatishia kuisambaza asipopewa pesa au picha nyingine. Maelekezo ni machache: usilipe, usitume nyingine, usifute mazungumzo, mwambie mtu mzima leo. Waambie mapema kwamba hawataadhibiwa kwa kuwa na simu wakati huo. Sheria ya "simu ni marufuku" imewafunga midomo watoto wengi.

Wakubwa wafundishwe pia kuhusu ukatili kati ya wanafunzi wenyewe, hasa bwenini, ambako mkubwa kumtumikisha mdogo huitwa mila ya shule. Watoto wenye ulemavu wasiachwe nje "kwa sababu hawataelewa": wao wako hatarini zaidi, na wengi wanategemea msaada wa mtu kuoga na kuvaa. Tumia picha, vikaragosi, lugha ya alama, na rudia zaidi.

Sanduku la maswali linasaidia, kwa masharti mawili. Kila mtoto aandike karatasi, hata ya "sina swali", ili anayeandika kweli asijulikane. Na lifunguliwe kila siku ya masomo na watu wawili, kwa sababu karatasi iliyolala wikiendi nzima inaweza kuwa ya mtoto anayerudishwa kwa mnyanyasaji wake Ijumaa.

Mtoto akifunguka

Hapa dakika tano za mwanzo zina kazi kubwa. Keti usawa wake, sikiliza, usimkatize kwa mshangao. Sema: "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Nakuamini. Kosa si lako." Usiahidi kutunza siri; mwambie, "Itabidi nimwambie mtu anayeweza kukusaidia." Uliza maswali wazi tu: "Nini kilitokea? Halafu?" Ukiuliza "Mwalimu fulani ndiye aliyekugusa, siyo?" umemwekea jibu mdomoni, na mahakamani swali hilo litatumika kuubomoa ushahidi wote. Ukishajua inatosha kushuku, simama. Kumhoji kwa kina ni kazi ya waliofunzwa.

Andika ndani ya saa moja, kwa maneno yake yaleyale, hata yakiwa ya kitoto. Weka tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, kisha saini. Usimvue nguo kuangalia, usipige picha. Mratibu atoe taarifa kwa mamlaka siku hiyohiyo. Shule haisubiri ushahidi, haiiti "kikao cha familia mbili", haimkutanishi mtoto na mtuhumiwa. Mtuhumiwa akiwa mfanyakazi, aondolewe kwenye kazi ya watoto hapohapo wakati uchunguzi ukiendelea. Hiyo si hukumu, na barua yake iseme hivyo. Anayeshukiwa akiwa wa nyumbani, waulize ustawi wa jamii au polisi kabla ya kumpigia mzazi simu.

Kama ni ubakaji au ulawiti wa karibuni, hospitali inatangulia. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Ikiwezekana asioge kabla ya kupimwa. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi: plastiki hutunza unyevu, na unyevu huharibu ushahidi.

Kukagua

Daftari la vipindi lenye saini linaonyesha tu kwamba kuna mtu aliyesaini. Mkaguzi, au mjumbe wa bodi, akitaka ukweli, achague watoto watano wa madarasa tofauti bila kutangaza na awaulize: ukiwa na jambo linalokusumbua hapa shuleni utamwambia nani? Asipokuamini? Amuulize mlinzi wa getini jina la mratibu. Aombe majalada ya wafanyakazi watatu walioajiriwa mwisho na atafute kumbukumbu ya simu zilizopigwa kwa waajiri wao wa zamani. Asafiri na basi mpaka kituo cha mwisho.

Shule ikisema haijapata taarifa hata moja kwa miaka mitano, mkaguzi asiishie kupongeza. Arudi kwenye sanduku la maswali na atazame kama kufuli limeota kutu.

Kwa wanaoandika masharti ya usajili: unganisheni somo hili na uhuishaji wa leseni, sambamba na vyoo na njia za moto, na tajeni shule za kidini, za kimataifa, za bweni na vituo vya kulelea watoto wadogo kwa majina, kwa sababu kila aina isiyotajwa itadai kwamba haihusiki. Wekeni muda wa kurekebisha, siku 90 kwa mfano, na mseme nani atakayerudi kukagua siku ya 91.